Bobby Kennedy: Jamaa Aliyechelewa Kuingia Mbio za Ikulu, Je, Angetoboa?

Kuna stori moja wapenzi wa siasa za Marekani hupenda kupiga kila ikifika mwezi wa Juni. Inaenda hivi: mwaka wa 1968, kama Bobby Kennedy hangepigwa risasi pale jikoni hotelini, angekuwa rais. Vita vya Vietnam vingeisha mapema, Richard Nixon angebaki wakili wa kawaida pale New York, na dunia ingekuwa tamu kama chapo madondo. Stori poa sana. Inauza vitabu, inauza filamu. Shida ni moja tu: ukikaa chini na kalamu ufanye hesabu ya wajumbe, inaanza kuvuja.

Mimi nimeifanya hiyo hesabu, na nikapata kitu kinachouma kuliko hata risasi. Lakini wacha tuanze mwanzo, juu huwezi elewa venye huyu msee alikwama kama hujui alitoka kwa nyumba gani.

Mtoi wa saba

Robert Francis Kennedy alizaliwa Novemba 20, 1925 pale Brookline, jimbo la Massachusetts. Kwao walikuwa watoto tisa, yeye wa saba. Buda yake, Joseph Kennedy, alikuwa mdosi si wa kuigiza. Alitengeneza chapaa kwa soko la hisa na kwa filamu, halafu baadaye akawa balozi wa Marekani kule Uingereza. Mzee alikuwa na ndoto moja: kijana wake awe rais. Na kwa hiyo ndoto Bobby hakuwa hata kwa benchi. Wa kwanza kwa laini alikuwa Joe Junior, kifungua mimba. Wa pili John. Bobby alikuwa yule mdogo, mwembamba, mwenye haya, wa kushinda karibu na mathe na kwenda kanisa bila kusukumwa. Kama umekulia nyumba yenye mabrathe wanang'aa kukuliko unajua hiyo maisha. Chochote ukifanya, kuna mtu alishafanya, tena vizuri.

Halafu misiba ikaanza. Joe Junior alikuwa rubani wa vita, ndege yake ikalipuka angani 1944. Dada yao Kathleen akafa kwa ajali ya ndege 1948. Dada mwingine, Rosemary, buda alikuwa ameamuru afanyiwe upasuaji wa ubongo 1941, ukaenda mrama, akaishi maisha yake yote akitunzwa na watu. Kwa hivyo John akasongeshwa mbele kwa laini. Bobby naye akapewa kazi ya brathe mdogo: kumsafishia njia.

Shule alienda, Harvard kwanza, halafu sheria pale University of Virginia, akamaliza 1951. Hakuwa yule wa kuongoza darasa. Mwaka wa 1950 alikuwa ameoa Ethel Skakel, na hao wawili walipata watoto 11. Soma tena hiyo namba. Kumi na moja.

1952, akiwa na miaka 26, alisimamia kampeni ya John ya useneta na wakashinda. 1953 alifanya kazi kwa miezi kadhaa kwa kamati ya Seneta Joseph McCarthy, yule wa kuwinda Wakomunisti kila kona. Watu wengi hawakumsamehea hiyo. Baadaye, kuanzia 1957, akawa wakili mkuu wa kamati ya Seneti iliyochunguza ufisadi kwa vyama vya wafanyakazi, na hapo ndipo alikabana koo na Jimmy Hoffa wa chama cha madereva wa malori. Kufikia hapo jina la Bobby lilikuwa linajulikana Washington nzima, na si kwa uzuri. Mkali, mwenye kinyongo, mtu wa kumaliza mtu. Kama ulikuwa unataka kumwambia John hapana, ulikuwa unaambia Bobby, na Bobby hakuwa anasahau.

Hapa nataka ushike kitu kimoja, juu tutakirudia. 1960, John akigombea urais, alikuwa na shida: yeye ni Mkatoliki, na wadosi wa chama cha Democratic walikuwa wanashuku kama Waprotestanti watampigia kura. Bobby ndiye alikuwa meneja wa kampeni. Wakachagua kwenda West Virginia, jimbo la wachimba makaa, Waprotestanti karibu wote, na Mei 10 wakamwangusha Hubert Humphrey mchana peupe. Humphrey akatoka mbioni siku hiyo hiyo.

Sasa, siku hizo kura za mchujo zilikuwa za majimbo machache tu. Wajumbe wengi walikuwa mikononi mwa magavana, mameya na vigogo wa vyama vya wafanyakazi. Wewe kama Mkenya unaijua hii mambo vizuri. Kuna ile nominesheni ya watu kupanga laini, halafu kuna ile tiketi ya moja kwa moja inayopatikana kwa nyumba ya mtu usiku. Marekani ya 1960 ilikuwa hivyo. Kazi ya kura za mchujo ilikuwa kuonyesha wadosi kwamba wewe si hasara. John hakushinda tiketi kule West Virginia. Alichoshinda ni haki ya kusikizwa na wale wenye tiketi. Bobby alijua huu mchezo kuliko mtu yeyote, juu yeye ndiye aliucheza.

Hiyo Julai ya 1960 ndiyo pia Tom Mboya alienda kumwona John Kennedy kuhusu ndege za wanafunzi, na wakfu wa familia ukatoa dola 100,000. Kidogo tu nirekebishe uvumi: watu hupenda kusema hiyo ganji ndiyo ilimpeleka Barack Obama Senior. Hapana. Mzee Obama alikuwa ameshaenda Hawaii 1959, mwaka mmoja kabla.

Kivuli cha brathe

John akashinda, akamfanya Bobby Mwanasheria Mkuu akiwa na miaka 35. Watu wakapiga kelele za undugu, na walikuwa na haki. Lakini jamaa alifanya kazi. 1961 wale vijana weusi na weupe waliokuwa wanapanda basi pamoja kupinga ubaguzi walipovamiwa kule Alabama, yeye ndiye alituma maafisa wa serikali kuu kuwalinda. 1962 alisukuma James Meredith aingie University of Mississippi, mweusi wa kwanza. Oktoba mwaka huo, Wasovieti walipoweka makombora Cuba na dunia ikakaribia kulipuka, ni Bobby aliyekutana chini ya maji na balozi wao Anatoly Dobrynin kumaliza hiyo noma.

Na Oktoba 1963 huyo huyo Bobby alitia sahihi simu za Martin Luther King zisikilizwe na FBI. Wanaomwimbia sifa huwa wanaruka hiyo mistari. Mimi siruki.

Novemba 22, 1963, alikuwa kwake nyumbani Virginia anakula lunch na wageni. Simu ikalia. Ni J. Edgar Hoover wa FBI, mtu ambaye hawakupendana hata chembe, akimwambia John amepigwa risasi kule Dallas. Baada ya hapo Bobby akawa mtu mwingine. Alikonda. Alikuwa anavaa koti la ngozi la marehemu brathe. Akaanza kusoma Wagiriki wa kale, wale wa kuandika majonzi. Watu waliomjua walisema ule ukali ulibaki lakini kitu ndani kilikuwa kimevunjika, na kupitia huo ufa akaanza kuona watu ambao kitambo hakuwa anawaona.

Rais mpya alikuwa Lyndon Johnson, na hawa wawili walichukiana kiasi kwamba hakuna mtu amewahi kusema vingine. 1964 Bobby alitamani kuwa makamu wa rais. Johnson akatafuta njia ya kumfungia mlango bila kumtaja: akatangaza kwamba hakuna waziri yeyote atakayefikiriwa. Bobby akajiuzulu, akaenda New York, akagombea useneta na kushinda.

Juni 1966 alifunga safari ya Afrika na Ethel. Kule Afrika Kusini serikali ya makaburu haikutaka hata kumwona, lakini alizunguka Soweto, akahutubia wanafunzi Cape Town, na akaenda kwa helikopta kumwona Chifu Albert Luthuli, mshindi wa Nobel aliyekuwa amepigwa marufuku kutoka kwake. Halafu akaja Tanzania, akapita hapa Kenya, akamalizia Ethiopia. Aprili 1967 alikuwa Mississippi, anaingia vibanda vya watu weusi, anapata watoto wamevimba tumbo kwa njaa. Ndani ya nchi tajiri kuliko zote duniani.

Kitu kingine kilikuwa kinamsumbua: Vietnam. Hiyo vita ilikolezwa wakati wa brathe yake, na yeye mwenyewe alikuwa ndani ya chumba. Machi 1967 alisimama Seneti akataka mabomu yasimamishwe na mazungumzo yaanze, na akakubali hadharani kwamba lawama nyingine ni zake. Wanasiasa wangapi unaowajua wamefanya hivyo?

Miezi aliyokaa akifikiria

Sasa tumefika kwa kidonda.

Mwaka wa 1967 ukielekea kuisha, vijana waliopinga vita walikuwa wanatafuta mtu wa kumkabili Johnson ndani ya chama. Msimamizi wao, Allard Lowenstein, alienda kwa Bobby wa kwanza. Mbio zenyewe zilikuwa zinamngoja. Alikuwa na jina, doo, mtandao wa brathe yake na chuki ya kutosha kwa Johnson.

Akakataa.

Sababu zake hazikuwa za kijinga. Kumtoa rais aliye kitini kwa mchujo wa chama chake ilikuwa kama kupanda Mlima Kenya na malapa. Tena kila mtu angesema ni kisasi cha kibinafsi cha familia ya Kennedy, si vita. Washauri wa zamani wa John, pamoja na mdogo wake Teddy, wakamwambia angoje 1972. Johnson atakuwa anatoka, njia itakuwa wazi, tiketi itakuja yenyewe. Kwa karatasi walikuwa sawa.

Lowenstein akaenda kwa watu wengine, na hatimaye akampata Eugene McCarthy, seneta wa Minnesota. Usimchanganye na yule McCarthy wa Wakomunisti. Huyu alikuwa mpole, mtu wa mashairi, wa kuongea pole pole hadi unasinzia. Novemba 30, 1967 akatangaza. Watu wakacheka.

Bobby akaendelea kufikiria. Desemba akafikiria. Januari 30, 1968 akawaambia wanahabari kwamba haoni hali yoyote itakayomfanya agombee. Na hiyo siku, siku yenyewe, habari zikawa zinaingia kutoka Vietnam: wapiganaji wa upande wa Kaskazini wamevamia miji kote Kusini, hadi ubalozi wa Marekani ndani ya Saigon. Serikali ya Johnson ilikuwa imeshinda miezi ikiambia watu vita viko karibu kuisha. Uongo ukaanikwa kwa runinga kila sebule.

Mimi niliwachana na chuo mwaka wa pili baada ya kuchukua muhula mzima kuamua kama niwachane nacho, kwa hivyo sina mdomo wa kumcheka mtu anayekaa sana kwa uamuzi. Lakini nikisoma kuhusu hiyo Februari ya Bobby mwili unanisisimka. Karibu kila mtu anayemheshimu anamwambia ngoja. Watoto wadogo wa chuo wanampigia kelele aingie. Na yeye anajua ndani kwamba wale watoto wako sawa.

Machi 12, New Hampshire ikapiga kura. Wanafunzi walikuwa wamenyoa ndevu na nywele ndefu ili wasiogopeshe wazee, wakabisha mlango hadi mlango wakimpigia debe McCarthy. Johnson alishinda, asilimia 49 kwa 42. Lakini rais aliye kitini kupata chini ya nusu kwa chama chake mwenyewe? Hiyo ilikuwa kipigo.

Siku nne baadaye, Machi 16, Bobby akatangaza. Chumba kilekile cha Seneti ambamo John alitangazia 1960. Na wale vijana ambao wangemfia miezi mitano iliyopita wakamzomea. Kwao alikuwa yule beste anayekataa kukusaidia kusukuma gari, halafu likiwaka anataka kiti cha mbele. Mabango yao yalimwita mwoga na mdandiaji. Hiyo doa haikutoka hadi mwisho, na ndiyo iligawanya kura za wapinga vita mara mbili katika kila jimbo lililofuata.

Siku themanini

Lakini hizo siku 80 hivi za kampeni, jamani.

Machi 31 Johnson akatokea kwa runinga na kusema hatagombea tena. Nchi ikashika kichwa. Aprili 4, Bobby akiwa njiani kuhutubia mtaa wa watu weusi pale Indianapolis, akapata habari kwamba King ameuawa Memphis. Polisi wakamwonya asiende. Akaenda. Umati ulikuwa haujasikia. Akapanda nyuma ya lori, usiku, kwa baridi, na akawaambia mwenyewe. Kwa mara ya kwanza hadharani akaongea kuhusu kuuawa kwa brathe yake, kwamba naye aliuawa na mzungu, na kwamba anajua hiyo hasira ikoje. Usiku huo na siku zilizofuata miji zaidi ya 100 iliwaka moto. Indianapolis ikatulia.

Huyo ndiye alikuwa ameidhinisha simu za King zisikizwe. Watu ni wagumu kuelewa.

Kampeni zake zilikuwa fujo. Watu walimng'ang'ania hadi wanamtoa viatu, vifungo vya mikono ya shati vinapotea kila siku, mlinzi wake Bill Barry anapiga magoti nyuma yake kwa gari la wazi amemshika kiuno asivutwe chini. Mbwa wake Freckles naye alikuwa kwa msafara. Weusi walimpenda. Wamexico wa mashambani California walimpenda zaidi, juu Machi hiyo hiyo alikuwa amekaa na Cesar Chavez kule Delano siku Chavez anavunja mfungo wa siku 25, na watu wa Chavez wakamlipa kwa kumwaga watu vituoni.

Mei 7 akashinda Indiana kwa asilimia 42. Mei 14 Nebraska, 52 kwa 31. Mei 28 akafika Oregon, jimbo la watu wenye nyumba nzuri na nyasi zilizokatwa, weusi wachache, maskini wachache, na McCarthy akamlima 44 kwa 38. Hakuna Kennedy alikuwa amewahi kushindwa uchaguzi kabla ya hapo. Sasa California ikawa ya kufa kupona, na Juni 4 akaichukua, 46 kwa 42. South Dakota pia, siku hiyo hiyo.

Kupita saa sita usiku, pale Ambassador Hotel, Los Angeles, akamaliza hotuba ya ushindi na kupitishwa jikoni kama njia ya mkato kwenda kwa wanahabari. Sirhan Sirhan, kijana Mpalestina wa miaka 24 aliyekasirishwa na msimamo wa Bobby kuhusu Israel, alikuwa anangoja na bastola. Ilikuwa Juni 5, mwaka mmoja kamili tangu ile Vita ya Siku Sita ianze. Watu wengine watano walijeruhiwa na wote wakapona. Kijana wa miaka 17 wa kazi ya kuondoa vyombo mezani, aliyekuwa amemshika mkono dakika hiyo, alipiga magoti akamwinua kichwa kutoka kwa saruji baridi na kumwekea rozari mkononi. Wakati huo walinzi wa serikali hawakuwa wanalinda wagombea. Bobby alikuwa na Barry na marafiki wanamichezo: Rosey Grier wa mpira wa Kimarekani na Rafer Johnson, bingwa wa Olimpiki wa 1960. Ni hao walimbana Sirhan. Walikuwa wamechelewa sekunde chache.

Alifariki Juni 6. Miaka 42. Juni 8 jeneza likapelekwa kwa treni kutoka New York hadi Washington, na watu wakajipanga kando ya reli safari nzima, walimu, mafundi, mabibi harusi, wazee wenye bendera. Wawili walikanyagwa na treni nyingine wakichungulia. Alizikwa Arlington usiku, karibu na John. Mtoto wa 11, Rory, alizaliwa Desemba. Na huku kwetu, mwaka mmoja na mwezi baadaye, Mboya naye akapigwa risasi nje ya duka la dawa Nairobi, akiwa na miaka 38.

Sasa ile hesabu

Kupata tiketi ya Democratic kulihitaji wajumbe 1,312. Hesabu iliyotajwa sana baada ya California ilikuwa hivi: Humphrey 561, Bobby 393, McCarthy 258.

Ndiyo, Humphrey. Yule yule wa West Virginia. Sasa alikuwa makamu wa rais, aliingia mwishoni mwa Aprili, na hakugombea mchujo hata mmoja. Hata mmoja! Cheki Pennsylvania: McCarthy alipata zaidi ya asilimia 70 ya kura za wananchi, na bado wajumbe wengi wa hilo jimbo wakaishia kwa Humphrey. Kura za mchujo zilikuwa zimebakia chache tu. Zilizobaki zilikuwa kwa wadosi, na wengi wa hao walikuwa watu wa Johnson, na Johnson angemeza wembe kabla ya kuachia Bobby kiti.

Kwa hivyo ile stori ya kwamba risasi ilimnyima tiketi aliyokuwa ameshika mkononi si kweli. Alikuwa nyuma.

Lakini ngoja, kuna upande mwingine, na huu ndio hunifanya nisilale. Mdosi wa wadosi alikuwa Meya Richard Daley wa Chicago, mwenye wajumbe wa Illinois na mwenye jiji ambamo mkutano mkuu ulikuwa unafanyika Agosti. Daley alimsaidia John 1960. Bobby na watu wake waliamini akichukua California, Daley atakuja na wengine watamfuata. Je, hiyo ilikuwa ndoto ya walevi? Angalia alichofanya. Agosti, Bobby akiwa kaburini, Daley alimpigia Teddy Kennedy akimtaka aingie, na akachelewesha wajumbe wa Illinois kutangaza wako wapi. Mtu aliyetosheka na Humphrey hafanyi hivyo. Daley alikuwa ananusa kushindwa Novemba. Kama alikuwa tayari kumchukua Teddy, kijana wa miaka 36 ambaye hakuwa amegombea popote mwaka huo, angemfanyia nini Bobby mwenye California mfukoni?

Mimi nasema hivi: Bobby wa Juni, akipona, anaingia Chicago akiwa na nafasi kama tatu kwa kumi. Anamhitaji Daley, anahitaji McCarthy amwachie watu wake, na McCarthy alikuwa hawezi hata kumtazama. Kwa nini? Kwa sababu ya ile Machi 16.

Sasa mchukue Bobby mwingine. Huyu anamwambia Lowenstein ndiyo mwaka wa 1967. McCarthy hagombei. New Hampshire ni ya Kennedy, na pengine hata anamshinda Johnson wazi wazi. Wale wanafunzi wako upande wake, Oregon hakuna wa kumlima, na kufikia Mei hakuna kura za wapinga vita za kugawana. Humphrey akiingia Aprili anapata wadosi wengi wameshahesabu upepo. Hapo nampa sita kwa kumi, labda zaidi. Kuna hatari pia: Johnson, kwa chuki tu, angeweza kukataa kutoka na kupigana hadi mwisho. Lakini ni Bobby mwenye chama nyuma yake, na si Bobby wa kuomba meya.

Na Nixon? Novemba alimshinda Humphrey kwa kura kama nusu milioni kati ya milioni 73. Humphrey alifika hapo baada ya polisi wa Daley kuvunja vijana vichwa nje ya mkutano, runinga ikionyesha moja kwa moja, chama kimepasuka katikati. Chama kisichopasuka kingeweza kuziba hilo pengo. Wanajeshi wa Marekani zaidi ya 20,000 walikufa Vietnam baada ya mwaka huo kuisha, na Wavietnamu wengi mno kuliko hao. Siwezi kuapa kwamba Bobby angewaokoa, juu marais huahidi amani na kukuta vita ina miguu yake. Ila naona alikuwa na sababu ya kujaribu ambayo Nixon hakuwa nayo: alishakubali kwamba kosa lilikuwa lake.

Baada ya fujo ya Chicago chama kiliunda tume, sheria zikabadilishwa, na kufikia 1972 kura za mchujo ndizo zilianza kuamua mgombea. Wa kwanza kuzitumia vizuri alikuwa George McGovern, mwenyekiti wa hiyo tume na beste wa Bobby, mtu wa South Dakota. Akapata tiketi, na Nixon akamnyuka majimbo 49.

Teddy naye, yule aliyemshauri brathe yake angoje, alimkatalia Daley 1968. Akakataa 1972. Akakataa 1976. Aliingia mwishowe 1980, dhidi ya rais wa chama chake mwenyewe aliye kitini, Jimmy Carter, kwa kura za mchujo za wananchi wenyewe. Alishindwa.